Kutoka Azimio la Musoma hadi Risiti ya Ada

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio ambalo wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Sehemu yake ya pili husahaulika. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakutakiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi walau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Gharama zilibebwa na serikali. Hoja ilikuwa kwamba anayesomeshwa kwa jasho la mkulima ana deni kwa mkulima.

Silipambi Azimio hilo. Mapendekezo ya chama yaliweza kumnyima nafasi kijana hodari asiyewapendeza wakubwa. Idadi ya wanawake chuoni nayo ilishuka, hata ikabidi waondolewe sharti la kufanya kazi kwanza. Hata hivyo, swali la Musoma lilikuwa sahihi: msomi anadaiwa nini, na nani?

Miaka ya 1990 ilileta sera ya kuchangia gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo. Deni kwa mkulima likawa deni la shilingi, linalokatwa kwenye mshahara.

Makerere, alikosoma Mwalimu kuanzia 1943 hadi 1945, ilikwenda mbali zaidi. Ilipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia katika miaka hiyo ya 1990, fedha zilipatikana na maelfu waliokosa nafasi wakasoma. Hilo lilikuwa jema. Lakini Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alionyesha namna vitivo vilivyogombea wateja kwa kubuni kozi zinazouzika, huku utafiti ukidhoofika.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu, mtoto wa mkulima wa pamba wa Bunda, alizuiwa kufanya mtihani. Ada haikukamilika kwa kuwa baba yake alikuwa bado hajalipwa pamba yake. Kanuni ilifuatwa, na hesabu zilikuwa sawa. Mimi niliyemfundisha muhula mzima niligawa karatasi kwa wenzake, nikanyamaza.

Sisemi chuo kikuu kisiwe na mhasibu. Chuo kisichojua mapato na matumizi yake hufa, tena hufa kwa aibu. Ninachopinga ni kumpa mhasibu kazi ya kuamua chuo ni cha nani.

Leo Butiama ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu. Tukipime kwa ada kinazokusanya, au kwa kile anachokivuna mkulima wa Bunda? Jibu halitatoka Butiama peke yake. Litatoka kwetu sote tunaogawa karatasi za mtihani, tukiacha kunyamaza.