Bainisha: Kuweka Wazi kwa Kutenganisha

Kubainisha ni kuliweka jambo wazi kwa kulitenga na mengine yanayofanana nalo. Shina la kitenzi hiki ni baini, yaani tambua, lililotoka Kiarabu na kuvishwa viambishi vya Kibantu: -ik- kikazaa bainika, -ish- kikazaa bainisha.

Mzizi wa Kiarabu, b-y-n, umebeba maana mbili, utengano na uwazi, na Kiswahili kimezipokea zote. Utengano umo katika baina, na pia katika talaka baini ya sheria ya Kiislamu, ambayo humwondolea mume haki ya kumrejea mke bila ndoa mpya. Uwazi umo katika bayana. Katika balagha ya Kiarabu, elimu ya bayani hushughulikia tashbihi, istiara na kinaya. Istilahi zote tatu zimeingia katika fasihi ya Kiswahili, ingawa kinaya imeshika njia yake na sasa hutajwa zaidi kwa usemi wenye maana iliyo kinyume na maneno yenyewe.

Kwa hiyo bainisha si kisawe kamili cha fafanua. Anayefafanua hulipanua jambo mpaka lieleweke. Anayebainisha huonyesha mpaka wake. Mtahiniwa anayetakiwa kubainisha aina za sentensi, akaandika aya ndefu kuhusu sentensi kwa jumla, atakuwa amefafanua na bado hajajibu swali.

Isimu ndiyo iliyolitumia shina hili kwa umakini zaidi. Sifa bainifu ni sifa ya kimatamshi inayotofautisha fonimu moja na nyingine. Nadharia yake ilikuzwa na Roman Jakobson, Gunnar Fant na Morris Halle katika kitabu chao cha mwaka 1952. Chukua faa na vaa: /f/ na /v/ zote ni vikwamizi, zote hutamkwa kwa mdomo wa chini na meno ya juu. Kinachozitenga ni mghuno tu, maana nyuzi za sauti hutetema katika /v/ na hazitetemi katika /f/. Sifa hiyo moja inatosha kuleta maneno mawili. Hapa utengano na uwazi wa mzizi ule vimekutana tena, na ni vigumu kuona istilahi ambayo ingefaa zaidi.

Magazeti hupenda kuandika kwamba kiongozi fulani "alibainisha" hata pale aliposema tu. Matumizi hayo yameenea, lakini katika maandishi ya kitaaluma ni afadhali kuandika alisema.