Kasri la Mtoni

Kasri la Mtoni (pia: Beit el-Mtoni) ni magofu ya kasri kongwe kuliko yote ya masultani katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar, nchini Tanzania. Yako ufukweni, kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe, karibu na barabara iendayo Bububu. Jina linatokana na kijito kinachoingia baharini mahali hapo. Kasri lilikuwa makazi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Katika karne ya 21 uwanja wake umetumika pia kwa maonyesho ya muziki, hasa taarab.

Historia

Kabla ya kasri kujengwa, shamba la Mtoni lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil, mfanyabiashara Mwarabu anayetajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda mikarafuu Unguja. Sayyid Said alimnyang'anya mashamba yake.

Said alifika Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na ujenzi ulianza katika miaka hiyo. Baadaye alihamisha makao yake makuu kutoka Maskati. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1840. Aligawa wakati wake kati ya Mtoni na kasri la mjini, Beit el-Sahel.

Said alifariki baharini mwaka 1856, na mwaka 1861 dola lake liligawanywa rasmi kati ya Omani na Zanzibar. Mwanawe, Sultani Barghash (1870-1888), alijenga makasri mapya, likiwemo Beit el-Ajaib la mwaka 1883, na Mtoni ikaachwa ichakae. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jengo lilitumiwa kama ghala. Moto wa mwaka 1914 uliharibu sehemu kubwa yake.

Maisha ndani ya kasri

Habari nyingi za Mtoni zinatoka katika kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Said, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Baada ya kuolewa aliitwa Emily Ruete, na kitabu chake kilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza ua mpana wenye tausi, mbuni na paa, safu ya mabafu, na roshani ya mbao ya mviringo iliyotazama bahari, ambapo baba yake alipenda kunywa kahawa. Anakadiria kwamba watu wapatao 1,000 waliishi hapo.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Wengi wa wakazi hao walikuwa watumwa. Utajiri uliolilisha kasri ulitokana kwa sehemu kubwa na karafuu zilizolimwa na watumwa na biashara ya watumwa wenyewe. Majina ya mke mkuu, Bi Azza binti Seif, na ya watoto wa Sultani yamehifadhiwa. Ya waliochota maji, kupika na kubeba mawe hayakuandikwa.

Muziki

Masimulizi ya Zanzibar yanasema kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kwamba hiyo ndiyo asili ya taarab ya visiwani. Mwanzoni ulikuwa muziki wa ikulu, ulioimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kiliundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Baadaye Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba aliyetoka katika ukoo wa watumwa, aliimba taarab kwa Kiswahili, na mwaka 1928 nyimbo zake zilirekodiwa mjini Bombay.

Kwa hiyo taarab inapopigwa Mtoni jioni kwa udi, kanuni na fidla, muziki uliotoka ikulu unarudi ikuluni ukiwa katika lugha ya wananchi. Hadhira nayo si ya jamaa ya Sultani tena.

Kutembelea

Kutoka mjini, daladala za Bububu hupita Mtoni. Mgeni huona kuta za mawe ya matumbawe, matao na mabaki ya mabafu. Njiani yapo magofu ya kasri la Maruhubi, lililojengwa na Barghash na kuungua mwaka 1899.

Hifadhi

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini Mtoni iko nje ya mipaka yake. Chumvi ya bahari, mvua na mizizi ya miti hudhoofisha kuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili, jambo lililoonyesha hatari ya kuchelewa kuyatunza majengo ya aina hii. Maonyesho ya muziki yamewaleta watu Mtoni, lakini kuta zenyewe zinahitaji chokaa na mafundi.