Mwaka Barafu Ilipokataa Kuganda



Siku moja ukivuka kwa mashua kutoka upande wa Kalokol ukafika Longech, ule ulimi wa mchanga unaotenganisha ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana lenyewe, hebu waambie wavuvi wa pale kwamba iko nchi ambayo mvuvi huenda ziwani kwa miguu, na mwingine kwa gari kabisa. Watakucheka. Waambie tena kwamba akifika huko katikati hutoboa shimo, huweka kibanda, huwasha jiko na kukaa akingoja samaki. Hapo watasema saumu imekupanda kichwani.

Lakini ni kweli, na pengine una ndugu anayeyaona hayo kila mwaka. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo wengi waliopitia kambi zetu za Kenya, hasa Wasomali, wamepelekwa jimbo la Minnesota kule Marekani. Sijui nani alichagua kumtoa mtu katika joto letu na kumtia katika barafu ile, ila Alhamdulillah wamejenga misikiti, maduka na maisha. Huko maziwa huganda mpaka yakabeba magari. Mtu wa Minnesota anajua hivyo kama wewe unavyojua kwamba laga haina maji mwezi wa Januari.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa Disemba 2023, katika ziwa liitwalo Upper Red Lake, kipande kikubwa cha barafu kilikatika na kuelea na wavuvi juu yake, zaidi ya watu 100. Waliokolewa, lakini walikuwa wameiamini barafu kama miaka yote. Siku chache kabla, tarehe 25 Disemba, Minneapolis ilinyeshewa mvua badala ya theluji. Mashindano makubwa ya mbwa wanaovuta sleji, Beargrease, yalifutwa kwa kukosa theluji. Majira yale, kuanzia Disemba mpaka Februari, yalikuwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi juu ya kawaida. Miji ya Minneapolis na St. Paul ilikuwa haijaandika baridi hafifu namna hiyo tangu ianze kuweka kumbukumbu.

Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya zamani mno, ya 1877–78. Wazee wa huko waliuita ule mwaka usio na baridi. Wakati Minnesota inafurahia jua, India na kaskazini ya China mvua zilikuwa zimekataa, na watu walikufa njaa kwa mamilioni. Mto Nile mwaka 1877 ulishuka vibaya, wakulima wa Misri wakakosa maji ya kumwagilia. Kisha huku kwetu Afrika Mashariki mvua zikamwagika, Ziwa Victoria likapanda sana kufikia 1878. Hakuna aliyejua kwamba mambo hayo yana uhusiano. Kila mtu aliona la mlangoni kwake.

Waliolipa jambo hili jina walikuwa wavuvi, kama wale wa Longech. Wavuvi wa pwani ya Peru waliona kwamba miaka mingine maji ya bahari yanapata joto na samaki wanatoweka, na kwa kuwa joto hilo lilifika karibu na Krismasi wakaliita El Nino, yaani Mtoto, wakimkusudia Nabii Isa (a.s.). Wataalamu walikuja nyuma yao. Mwingereza Gilbert Walker alipelekwa India mwaka 1904 kuongoza idara ya hali ya hewa, wakati njaa zile bado hazijasahaulika, akagundua kwamba mgandamizo wa hewa upande mmoja wa Pasifiki ukipanda, upande wa pili unashuka, kama pembea ya watoto. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes, wa ukoo wa wanasayansi wa Norway, akaunganisha pembea ya Walker na maji ya moto ya wale wavuvi wa Peru. Likawa jambo moja.

Linavyofanya kazi ni hivi. Maji ya Pasifiki ya kati na ya mashariki yakipata joto kupita kiasi, njia ya pepo kali za juu angani inahama. Baridi ya ncha ya kaskazini inafungiwa huko juu, na hewa ya baharini iliyo vuguvugu inaingia Kanada na kaskazini ya Marekani. Mara nyingi Bahari Hindi nayo inapata joto upande wetu, na mvua za vuli zinazidi. Ndiyo maana miezi ile ile ndugu yako wa Minneapolis aliposhangaa ziwa halijaganda, Kenya ilikuwa inazika watu wa mafuriko, zaidi ya 100 kufikia mwisho wa 2023.

Sisi Waislamu tuna sababu ya kuikumbuka El Nino nyingine ya zamani kidogo. Ramadhan ya mwaka 1418 iliandama mwisho kabisa wa Disemba 1997, mvua ikiwa haijakatika tangu Oktoba. Waulize wazazi. Barabara za kaskazini zilikatika, kambi za Dadaab zilizungukwa na maji, na kule Garissa ikazuka Homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu. Fikiria futari ya mfugaji aliyekatazwa kuchinja. Mwezi huo huo mtukufu, tarehe 5 mpaka 10 Januari 1998, mashariki ya Kanada hewa vuguvugu ilileta mvua mahali pa theluji. Ilipogusa ardhi ikaganda juu ya miti na nyaya, na mamilioni ya watu wakakosa umeme katikati ya baridi. Kwa hiyo mtu akikuambia baridi ikipungua ni raha tupu, mpe mfano huo.

Unaijua hadithi ya bwana aliyeingia msikitini Ijumaa akamwomba Mtume (s.a.w.) awaombee mvua. Ilinyesha wiki nzima, na Ijumaa ya pili akaombwa amwombe Allah aizuie. Mtume akaomba inyeshe pembezoni mwao, isiwe juu yao. Wazee wengi waliisikia hadithi hiyo upya mwaka ule.

Turudi Kalokol, maana tunao ushahidi wa saruji. Mvua kubwa za 1961 ziliinua ziwa, ghuba ya Ferguson ikajaa, na samaki wakazaana. Mwaka 1976 Ziwa Turkana lilitoa takriban tani 17,000. Wafadhili kutoka Norway, watu wa nchi ya barafu, wakaona hizo ndizo hali za kawaida, wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Barafu Turkana, bwana! Kuitengeneza katika joto lile kulikuwa ghali kuliko samaki wenyewe, na kiwanda kilifanya kazi muda mfupi tu. Halafu katikati ya miaka hiyo ghuba ikakauka, mbuzi wakapita palipokuwa na mashua. Wafugaji waliokuwa wamefundishwa uvuvi baada ya mifugo kufa walibaki mikono mitupu mara ya pili. Siwalaumu kwa nia yao. Lakini wazee waliolijua ziwa hilo likija na kuondoka walikuwepo, na kuwauliza kusingegharimu kitu. Baadaye maji yakarudi, na kufikia 2020 yalipanda mpaka watu wa ufuoni wakahamisha nyumba.

Wala usidhani kila baridi hafifu ni El Nino. Dunia yenyewe inapata joto kwa moshi wa viwanda na magari, na majira ya baridi ya Minnesota yamekuwa yakipungua makali kwa miongo kadhaa. El Nino ya 2023 ilipanda juu ya mgongo wa joto hilo, ndiyo maana ikaivunja rekodi ya 1878.

Ramadhan hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, pale pale ilipoangukia ile ya 1418. Wa Minneapolis watafunga kama saa kumi na nusu, wa Longech saa kumi na tatu na ushei. Kabla ya hapo, kaa na mzee wako baada ya tarawehe umuulize mwaka 1997 maji yalifika wapi. Andika jina la mahali, na mwaka.