Usawa wa rangi na uongozi katika utumishi wa afya: Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

Usawa wa rangi katika utumishi wa afya ni hali ambayo ajira, mshahara, masomo na cheo cha mtumishi haviamuliwi na rangi yake wala asili yake, na ambayo viti vya maamuzi hukaliwa na watu wa jamii zote zinazotoa na kupokea huduma. Katika Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, na katika ufuko wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mdomo wa Mto Songwe hadi vijiji vya Wakisi chini ya Milima ya Livingstone, suala hili lina historia ya zaidi ya miaka 130. Mikono ya Waafrika ilikaribishwa kazini tangu mwanzo. Amri yao ndiyo iliyokataliwa kwa miongo mingi, na hata leo, pale sheria zilipokwisha kunyooka, swali la nani anaamua halijajibiwa lote.

Misheni, serikali na dresa

Mwaka 1891 misafara miwili ya wamisionari wa Kijerumani ilifika kwa njia ya ziwa: wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravia wakiongozwa na Theodor Meyer. Waligawana nchi. Wamoravia walijenga Rungwe, kisha Ipyana, karibu na ulipo mji wa Kyela leo. Wa Berlin wakashika upande wa mashariki, pamoja na Manow, Ikombe na Matema. Bonde hili lina joto, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mbu wake hawana msimu. Vituo vya misheni vikawa pia mahali pa kupatia dawa. Mmisionari alishika ufunguo wa kabati la dawa. Aliyeosha vidonda, aliyebeba wagonjwa na aliyeeleza kwa Kinyakyusa mgonjwa anaumwa nini alikuwa kijana wa kijijini.

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga mpango huo. Waingereza walipoingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kazi yao ikawekwa chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti walikuwa wachache na walikaa mbali, kwa hiyo wazee na walimu wa Kiafrika ndio walioendesha mengi. Wajerumani waliporudi, nafasi zile zilirudishwa kwao. Vita ya Pili ilipozuka mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa tena kizuizini. Mara mbili katika kizazi kimoja watu wa hapa waliaminiwa kuongoza kwa sababu tu hakukuwa na Mzungu wa kuongoza.

Serikali ya Kiingereza ilipanga watumishi wa afya kwa ngazi tatu za rangi. Juu walikuwa madaktari wa Kizungu, katikati madaktari wasaidizi kutoka India, na chini Waafrika: wahudumu wa wodi, madispensa, na madresa walioendesha zahanati ndogo za serikali za wenyeji. Kyela wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, yenye makao Tukuyu. Kwa mkulima wa mpunga wa bondeni, dresa ndiye aliyekuwa serikali nzima ya afya. Alitibu vidonda, malaria na minyoo, akaandika daftari, na akamngoja daktari wa wilaya aje kukagua.

Hata aliyesoma hadi mwisho wa ngazi hakutoka katika ngazi yake. Makerere ilianza kufundisha utabibu katika miaka ya 1920, na Watanganyika wachache waliofika huko walirudi na cheo cha daktari msaidizi, wakafanya kazi ileile ya daktari kwa mshahara mdogo. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti yake mwaka 1948, ilishauri waziwazi kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi hiyohiyo. Tume ya Lidbury ya 1954 ilifuta mizani hiyo ya rangi kwenye karatasi, lakini ikaacha posho maalumu za watumishi waliotoka ng'ambo, na pengo likabaki.

Haishangazi kwamba madaktari hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kudai mabadiliko. Dk. Vedasto Kyaruzi, mhitimu wa Makerere, alikuwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA (Tanganyika African Association), mwaka 1950. Serikali ilimhamisha kutoka Dar es Salaam hadi hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, kisha Nzega. Baada ya Uhuru aliiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa.

Kisa cha Dk. Banda na Livingstonia

Hakuna kisa kinachoeleza ubaguzi wa uongozi katika ziwa hili kwa uwazi kama cha Hastings Kamuzu Banda. Misheni ya Livingstonia, iliyoanzishwa na Kanisa Huru la Uskoti mwaka 1875 na kuhamia Khondowe, kusini mwa Karonga, mwaka 1894 chini ya Dk. Robert Laws, ilisifika kwa elimu. Ilifundisha Waafrika ualimu, useremala, uchapaji na uhudumu wa hospitali. Banda, mzaliwa wa Nyasaland, alipata shahada ya udaktari katika Chuo cha Meharry, Marekani, mwaka 1937, na mwaka 1941 akapata Edinburgh sifa za kumruhusu kutibu katika himaya ya Kiingereza. Alitaka kurudi nyumbani akiwa daktari wa misheni.

Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba wauguzi wa Kizungu wa misheni waliandika kukataa kufanya kazi chini ya daktari mweusi. Serikali ya koloni nayo ilikuwa tayari kumwajiri, kwa sharti kwamba asitafute urafiki na madaktari wenzake wa Kizungu nje ya kazi. Banda akakataa, akabaki Uingereza kutibu wagonjwa, kwanza kaskazini, Tyneside, kisha Harlesden, London, ambako wagonjwa wake wengi walikuwa Waingereza weupe. Alirudi Nyasaland mwaka 1958, na safari hiyo alirudi kuongoza siasa. Utawala wake wa kimabavu wa baadaye nchini Malawi ni habari nyingine. Hauondoi uzito wa lililotendeka. Mwambao wenye malaria, kichocho na vifo vya uzazi ulikosa daktari wake mwenyewe kwa zaidi ya miaka 15. Waliompinga walijua anaweza kutibu. Hawakuwa tayari kupokea maagizo yake wodini.

Uraia badala ya rangi

Mwalimu Julius Nyerere alisema mara nyingi kwamba Waingereza waliondoka mwaka 1961 wakiacha madaktari wazalendo 12 tu. Shinikizo la kugawa vyeo kwa rangi lilikuwa kubwa, na lilieleweka. Oktoba 1961, Bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia wenyewe utolewe kwa rangi. Nyerere alipinga kwa ukali na kutishia kujiuzulu. Januari 1964 alitangaza kwamba kuanzia hapo raia wote watapewa kazi na vyeo bila kujali rangi. Siku chache baadaye wanajeshi waliasi Dar es Salaam, wakidai pamoja na mengine maofisa wa Kiingereza waondolewe. Msimamo ulibaki. Mwaka 1975 Leader Stirling, daktari mmisionari mzaliwa wa Uingereza aliyetibu miaka mingi Lulindi na Masasi na kuwa raia wa Tanzania, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya, akakaa hadi 1980. Aliongoza kwa uraia wake na kazi yake, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Wakati huohuo nchi ilijenga madaktari wake. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret ikaitwa Muhimbili. Hospitali ya Barabara ya Ocean, iliyokuwa ya Wazungu tangu enzi za Wajerumani, ikafunguliwa kwa kila mgonjwa.

Sheria na hali ya sasa

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja rangi, utaifa, kabila, mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo, na inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Sheria ya ajira za wasio raia ya 2015 inamtaka anayeajiri mtaalamu wa kigeni aandae mpango wa kumrithisha kazi Mtanzania. Kifungu hicho cha kurithishana kina manufaa makubwa kwa hospitali za misheni na miradi ya wafadhili, endapo mrithi atakabidhiwa kazi pamoja na mamlaka yake.

Hospitali ya Kilutheri ya Matema, chini ya Dayosisi ya Konde, inaonyesha hali hii kwa karibu. Imepokea kwa miaka madaktari na wanafunzi kutoka Ujerumani, na msaada wao umeokoa watu. Lakini mazoea ya zamani hayafi haraka. Katika hospitali za namna hii mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya huitwa "Dokta" siku anayofika, na wagonjwa huomba kuonwa naye, huku wakimpita afisa tabibu mweusi aliyehudumu miaka 20. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo. Ni somo la wodi za kikoloni ambalo wazee waliwafundisha watoto wao, na mganga mfawidhi mwenye busara hulivunja kwa kumtambulisha mgeni kama mwanafunzi, mbele ya wagonjwa, na kumweka chini ya afisa tabibu huyohuyo.

Utafiti nao una swali lake. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, kutokana na damu na maelezo ya watu wa Kyela, wilaya iliyosumbuliwa sana na matende na mabusha, yalionyesha kwamba mwenye minyoo ya matende alikuwa katika hatari ya kuambukizwa VVU takriban mara mbili ya asiye nayo. Ni mchango mkubwa kwa dunia. Haki inadai kwamba ushirika wa namna hii upimwe pia kwa nani anayechagua swali la utafiti, nani anayeshika bajeti, na Watanzania wangapi wanaandaliwa kuongoza utafiti unaofuata.

Tofauti ndani ya rangi moja

Kyela ya leo ina Wanyakyusa, Wandali, Wakinga na Wakisi, pamoja na watumishi waliopangiwa kazi kutoka kila mkoa. Vijiji vya Wakisi, kama Ikombe, penye wafinyanzi maarufu wa vyungu vinavyouzwa soko la Matema, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu kando ya mlima. Upepo wa Mwera ukivuma, mama mwenye uchungu husubiri ziwa litulie. Akifika hospitali na bibi yake anayesema Kikisi tu, mara nyingi mkalimani ni mfanya usafi, ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo na halipwi kwayo. Mtumishi mgeni anayeanza na "ugonile" kwa wazee wa Kinyakyusa husikilizwa vizuri zaidi, lakini salamu haitoshi pale ambapo hakuna mtu wa ufuko wa mlimani katika kikao kinachopanga mafuta ya boti.

Uingereza, ambayo hospitali zake hutegemea wauguzi na madaktari wengi kutoka ng'ambo, ilianza mwaka 2015 kuzitaka taasisi zake za afya zichapishe kila mwaka vipimo tisa vya usawa wa rangi: nani anapata kazi baada ya usaili, nani anafikishwa kwenye nidhamu, nani yumo kwenye bodi. Hakuna kinachozuia halmashauri au dayosisi kuandika hesabu kama hiyo kwa kabila, jinsia na mahali mtu alipotoka.

Chombo cha kuanzia kipo tayari. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, na kamati ya kituo, yenye wajumbe wa kijiji, hushiriki kupanga matumizi. Mama wa Kikisi akiwa mjumbe wa kamati hiyo, ombi la boti ya wagonjwa huingia katika mpango wa mwaka kwa kauli yake mwenyewe.