Akipata Ajali, Nyumbani Watakula Nini?

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea yetu ikaingizwa. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, kazi ya hatari. Mradi ulikufa 1951, swali likabaki: mtu akikatika mkono au akifa kazini, nyumbani watakula nini?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko wa WCF, unaochangiwa na waajiri. Mwajiriwa akiumia hulipwa kwa kadiri ya ulemavu. Akifa hulipwa wategemezi wake. Lakini mama wa shamba la korosho, au mchimbaji mdogo wa Ruangwa asiye na mwajiri, hayumo.

Ndiyo maana akina mama tunachangia mfuko wa jamii kila tukikutana. Ni kidogo, ila ni chetu.