Napiga Dirii, Simpigi Yeye

Hebu piga picha, msomaji. Vijana watano wameizunguka meza usiku. Mbele yao kuna karatasi, penseli na dadu ya pande 20. Mmoja anaigiza mpiganaji mwenye shoka. Adui wake ni askari aliyevikwa chuma toka utosini hadi unyayoni, na mara nne mfululizo dadu imegoma. Jamaa kachoka. Anasema, "Basi simpigi yeye. Napiga dirii yake. Naivunja kwanza, halafu ndiyo tutaonana."

Msimamizi wa mchezo ananyamaza. Anafungua kitabu. Mwenzake naye anafungua chake. Nusu saa baadaye bado wanasoma na sauti zimeshaanza kupanda, na yule adui wa watu kasimama palepale anasubiri kupigwa.

Wanaocheza michezo hii, ambamo mtu mmoja husimulia dunia na wenzake wakaigiza wahusika ndani yake, wanaufahamu mzozo huo. Wengi humlaumu msomaji: eti hakusoma vizuri. Mimi naona vijana wale wamesoma vizuri sana. Kasheshe ilianzia kwenye vitabu vyenyewe, na ina zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1971, Wamarekani Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kitabu cha kanuni kiitwacho Chainmail, cha kuchezea vita vya kale kwa sanamu ndogo za askari. Sehemu ya mapigano ya mtu kwa mtu ilikuwa na jedwali: silaha upande huu, vazi la kinga upande ule. Unarusha dadu mbili, ukiifikia namba iliyoandikwa umempata. Wakati huo huko Minnesota alikuwepo Dave Arneson, mpenzi wa vita vya majini. Baadaye Arneson alieleza kwamba wazo la kuipa kinga daraja lake alilitoa kwenye kanuni zake za manowari za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tafakari hilo kidogo. Chuma cha manowari ndiyo manowari yenyewe, haivuliwi ikatundikwa ukutani. Chuma cha mtu ni nguo.

Gygax na Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, nakala 1,000 za kwanza, dirii ilikuwa imeshageuka namba tupu. Asiye na kinga alikuwa na 9, mwenye dirii ya bamba na ngao alikuwa na 2, na namba ikishuka kumpata mtu kunazidi kuwa kugumu. Dadu ikishinda, pigo limeingia. Limepasua chuma, au limepenya kwapani? Kanuni haikujali. Na kwa kweli haikuwa mbali na historia, maana wapiganaji wa Ulaya wa karne ya 15 hawakuhangaika kukata bamba kwa upanga. Walitafuta penye uwazi, kwapani au kwenye kofia, wakachomeka kisu. Au walichukua nyundo wakamtikisa mtu humohumo ndani ya chuma chake.

Ila mchezaji akishaambiwa kwamba adui amevaa chuma, anakiona. Na kitu kinachoonekana, mtu atataka kukivunja. Mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, lilitokea dubwana linalogeuza chuma kuwa kutu kwa kukigusa. Umbo lake Gygax alilipata kwenye kidude cha plastiki cha watoto kilichotengenezwa Hong Kong. Ninalipenda sana dubwana hili. Mchezaji asiyeogopa joka analiona hili na kurudi nyuma, maana joka litamuua mara moja tu, lakini hili litamwacha hai na bila dirii aliyoihangaikia miezi sita. Mwaka 1978 RuneQuest ulikuja na njia nyingine, dirii ikawa inapunguza nguvu ya pigo kwenye kiungo kilichopigwa. Hapo angalau chuma kilionekana kikifanya kazi ya chuma.

Mkorogo wenyewe hasa uliiva mwaka 2003. Dungeons & Dragons ilikuwa imeandikwa upya mwaka 2000, ikarekebishwa tena miaka mitatu baadaye, na waandishi wake walitaka kila kitu kiwe na kipimo. Mlango, kamba, upanga, vyote vikapewa ugumu na alama za uhai. Dirii nayo ilikuwemo kwenye jedwali: zidisha kinga yake kwa 5, hizo ndizo alama zake. Ruhusa ya kuvunja silaha na ngao ya adui ilikuwepo. Halafu, mwishoni mwa maelezo ya kuvunja vitu, kikaja kijisentensi: dirii iliyovaliwa na mtu mwingine haivunjwi kwa njia hii.

Umeona mambo hayo? Jedwali linakupa hesabu ya kuivunja, maelezo yanakukataza kuigusa. Aliyesoma jedwali ana haki. Aliyesoma maelezo ana haki. Wote wawili wameshika kitabu kilekile, na kila mmoja anamwona mwenzake mbishi.

Sababu ya katazo hilo nadhani inaeleweka. Adui anaishi dakika kumi, mchezaji anaishi mwaka mzima na dirii yake. Kanuni ikimruhusu huyu, inamruhusu na yule, na mwisho wa yote anayebaki uchi ni mchezaji. Tena dirii ya adui ni ngawira. Ukiivunja umevunja mali yako mwenyewe.

Pathfinder, iliyotoka mwaka 2009 kutoka kwenye kanuni hizohizo, ilifungua mlango: vunja alichoshika au alichovaa. Chukua dirii nzito kabisa yenye kinga 9. Alama zake 45, ugumu wa chuma 10. Pigo la 18 linatoa 8 tu. Mapigo matatu yanatoa 24, zaidi ya nusu, na dirii inahesabiwa imeharibika: kinga inashuka kutoka 9 hadi 4. Hata ngawira ilifikiriwa, kwani anayevunja anaweza kuamua kuiachia dirii alama 1 badala ya kuimaliza.

Ungedhani kelele zimeisha, kumbe wapi! Kumpokonya mtu silaha kuliandikwa kwamba kunafanyika badala ya pigo. Kuvunja kukaandikwa kwamba kunafanyika kama sehemu ya tendo la kushambulia, badala ya pigo. Maneno machache tu yameongezwa. Sasa mwenye mapigo matatu kwa zamu, je, avunje mara tatu au mara moja? Wewe unayejifunza kuandika, iangalie sentensi hiyo. Watu wazima walinuniana kwa ajili yake.

Toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 lilirudi kwenye ukimya. Namna ya kuvunja dirii mwilini mwa adui haikuandikwa, akaachiwa msimamizi. Dubwana la kutu lilibaki na kazi yake, likipunguza kinga moja kila mguso mpaka dirii ya kawaida ifikie 10 na kuisha.

Mwaka 2019 likaja toleo la pili la Pathfinder. Dirii bado ina ugumu, bado ina alama, na imeandikwa inapungukiwa kiasi gani ikiharibika. Lakini safari hii waandishi waliweka wazi kwamba anayekushambulia kwa kawaida haharibu dirii yako wala vifaa vyako, hata akikupata. Ngao ndiyo inayoweza kuumia, pale mwenyewe unapoamua kuikingia pigo.

Yule kijana mwenye shoka, akilisoma hilo, itabidi aokote dadu yake arushe mara ya tano.