Julai ya Rwanda: sikukuu mbili zimebaki, moja imefutwa

Tawala tatu za Rwanda zilipata siku zake kuu ndani ya siku tano za mwezi mmoja. Julai 1, 1962 Ubelgiji ilikabidhi uhuru. Julai 5, 1973 Jenerali Juvénal Habyarimana alimpindua Rais Grégoire Kayibanda. Julai 4, 1994 wapiganaji wa RPF, kundi la waasi lililoshika madaraka baadaye, waliingia Kigali na kuukamata mji.

Enzi za Habyarimana, Julai 5 ilikuwa sikukuu ya taifa. Leo watu huamkia kazini. Zimeondolewa pia Januari 28, siku jamhuri ilipotangazwa Gitarama mwaka 1961, na Septemba 25, siku ya kura ya Kamarampaka iliyouondoa ufalme mwaka huohuo. Uhuru haukuguswa, ila gwaride na hotuba ya Rais siku hizi husubiriwa Julai 4.

Ipo pia sikukuu iliyofufuka. Umuganura, sherehe ya kuonja mavuno mapya, iliongozwa na mfalme hadi Wabelgiji walipoipiga marufuku mwaka 1925 na kumpeleka Gashamura, mkuu wa matambiko yake, uhamishoni Burundi. Sasa huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti: watoto hunyweshwa maziwa, wakubwa hugawana ugali wa ulezi na pombe ya mtama.

Orodha yote huwekwa kwa agizo la Rais linalochapishwa katika Gazeti la Serikali. La mwaka 2015 lilirekebishwa mwaka 2017. Sikukuu inapokaribia, wizara ya utumishi wa umma na kazi, MIFOTRA, hutoa tangazo kwa waajiri. Tarehe za Idi haziwezi kupangwa mapema namna hiyo: ofisi za Kigali husubiri mwezi uandame na Jumuiya ya Waislamu wa Rwanda itangaze.

Sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumapili, wafanyakazi hufidiwa siku ya kazi inayofuata. Aprili 7, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, haimo katika utaratibu huo. Bendera hushushwa nusu mlingoti, mwenge huwashwa kwenye makumbusho ya mauaji hayo huko Gisozi, Kigali, na wiki ya maombolezo huanza, iwe Jumatano au Jumapili. Serikali imeihesabu kuwa siku ya kukumbuka, na mapumziko yaliyopotea hayadaiwi.